Kiini na Kompaila ya Rika Lake: Historia ya Kujenga Linux ya Zamani kwa Bodi za ARM

Kiini cha Linux ndicho kinachoongoza prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote vya kompyuta. Huandikwa hasa kwa lugha ya C, na kabla hakijafanya kazi lazima kigeuzwe kuwa maagizo ya mashine. Kazi hiyo hufanywa na kompaila, na kwa miaka mingi kompaila ya Linux imekuwa GCC. Bodi ndogo nyingi zenye prosesa za aina ya ARM hazina nguvu ya kujijengea kiini upesi. Raspberry Pi ya kwanza, yenye prosesa ya megahezi 700, huchukua saa nyingi kwa kazi ambayo kompyuta ya mezani huimaliza kwa dakika. Ndiyo maana kiini hujengwa kwenye kompyuta ya Intel au AMD kwa kutumia kompaila mtambuka, yaani kompaila inayokaa kwenye mashine ya aina moja na kutoa maagizo ya mashine ya aina nyingine.

Linux na GCC ni miradi miwili yenye viongozi wake na kalenda yake. Kiini kilichoandikwa mwaka 2012 kikipewa kompaila ya mwaka 2020, mara nyingi hakijengeki. Wakati mwingine hujengeka bila lalamiko, kisha kikagoma kuwaka. Na kuna nyakati ambapo kimewaka na kuharibu data iliyohifadhiwa. Katika miji kama Kitale na Bungoma, ambako simu, visanduku vya televisheni na bodi za bei nafuu hutumika kwa miaka mingi kupita ile ambayo mtengenezaji huvihudumia, jambo hili bado ni la kila siku. Wabukusu wa Bungoma humtambua mtu kwa rika lake la tohara na mafunzo aliyopewa pamoja na wenzake. Kiini nacho kina rika lake, na kompaila iliyokilea ni ya rika hilohilo. Historia inayofuata inaeleza jinsi marika hayo yalivyoachana.

Mizizi, 1985–1999

Prosesa ya kwanza ya ARM iliwashwa Cambridge, Uingereza, mwezi Aprili 1985, katika kampuni ya Acorn. Mwaka 1987 Richard Stallman wa Marekani alitoa toleo la kwanza la GCC chini ya mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akaitangaza Linux kwa prosesa ya Intel 386. Njia hizo tatu zilikutana mwaka 1994, Russell King alipoanza kuihamishia Linux kwenye kompyuta za Acorn. King ndiye aliyeendelea kusimamia sehemu ya ARM ndani ya kiini, na jina lake litajitokeza tena mbele katika historia hii.

Tangu mwanzo Linux haikuandikwa kwa C tupu. Ilitumia nyongeza za GCC: njia ya kupachika maagizo ya prosesa katikati ya msimbo, alama za kuamua data ikae vipi kwenye kumbukumbu, na njia za kuizuia kompaila isibadilishe mpangilio wa kazi fulani. Nyingi kati ya nyongeza hizo hazikuwa katika kiwango rasmi cha lugha, na maana ya baadhi yake haikuelezwa kikamilifu. Mwandishi wa kiini alitegemea jinsi GCC ya siku zake ilivyotenda. GCC ilipobadilika, tegemeo hilo liliporomoka hata pale ambapo msimbo wenyewe haukuguswa.

Mwaka 1997 baadhi ya waandishi wa GCC walijitenga na kuanzisha mradi wa EGCS. Aprili 1999 pande hizo mbili ziliungana tena, na Julai mwaka huo ikatoka GCC 2.95, ambayo ilikuja kuwa kompaila ya kuaminiwa kwa viini vya mfululizo wa 2.4.

Orodha ya waliokataliwa, 2000–2004

Mwaka 2000 kampuni ya Red Hat ilitoa toleo la 7.0 la Linux yake likiwa na kompaila iliyoitwa GCC 2.96, namba ambayo mradi wa GCC wenyewe haukuwahi kuitoa rasmi. Kwa kuwa haikufaa kujengea kiini, Red Hat iliweka kando yake kompaila nyingine ya zamani, yenye asili ya EGCS, na kuipa jina kgcc. Tangu hapo ilionekana wazi kwamba kompaila inayofaa programu za kawaida yaweza isifae kiini.

GCC 3.0 ilitoka Juni 2001, ikafuatwa na 3.1 na 3.2. Kwa upande wa ARM mfululizo huo ulikuwa na kasoro nzito, nazo ziliandikwa ndani ya msimbo wa kiini, katika faili la arch/arm/kernel/asm-offsets.c. Kulingana na maelezo ya faili hilo, GCC 3.0 na 3.1 zilitoa maagizo mabovu kwa jumla; 3.2.0 ilikosea kukokotoa mahali pa hoja za fomula, yaani thamani zinazopewa kipande cha programu kinapoitwa kufanya kazi. Na matoleo ya 3.2 yaliharibu sehemu inayoandaa programu kabla ya kuanza kazi, pamoja na sehemu ya mfumo wa mafaili wa JFFS2 uliotumika kwenye kumbukumbu za vifaa vidogo. Chini ya maelezo kulikuwa na sharti: kompaila ikitaja toleo lililokataliwa, ujenzi ulisimama papo hapo na mjenzi akaambiwa kwamba kompaila yake ina kasoro nyingi mno.

Faili hilo dogo ni ushahidi wa namna ya kufikiri. Waandishi wa kiini hawakuishia kutaja kompaila bora katika kitabu cha maelekezo. Waliifundisha Linux yenyewe kuikataa kompaila mbaya. Hata hivyo, orodha ya aina hiyo inaweza kutaja kasoro zilizokwisha kujulikana tu. Kiini cha mwaka 2003 hakina habari ya kompaila ya mwaka 2015.

Mkataba mpya wa ARM, 2005–2010

GCC 4.0 ilitoka Aprili 2005, na pamoja na mfululizo wa 4 yakaja mabadiliko makubwa zaidi kwa watu wa ARM: mkataba mpya wa mawasiliano kati ya programu na kiini, unaojulikana kama EABI. Katika mkataba wa zamani, namba ya huduma ambayo programu inaomba kwa kiini iliandikwa ndani ya agizo lenyewe. Katika EABI namba hiyo huwekwa kwenye rejista r7. Namba ndefu za biti 64 nazo zilipewa masharti mapya ya kukaa katika jozi za rejista, na mpangilio wa data kwenye kumbukumbu ukabadilika.

Kiini 2.6.16, kilichotoka Machi 2006, ndicho kilicholeta uwezo wa kuchagua EABI wakati wa kujenga. Matokeo yake yalikuwa makali: kiini cha mkataba wa zamani kilipowekewa programu za mkataba mpya, kiliwaka, kikafika hatua ya kuanzisha programu ya kwanza, kisha kikakwama. Debian, mojawapo ya mikusanyo ya programu inayotumia kiini cha Linux, iliutambulisha mfumo mpya kwa jina la armel katika toleo la Lenny mnamo Februari 2009, na miaka miwili baadaye ikauacha ule wa zamani.

Kipindi hicho kompaila mtambuka zilikuwa taabu kuzipata. Dan Kegel alikuwa ametengeneza hati za crosstool zilizomwezesha mtu kujijengea kompaila kutoka kwenye msimbo, na baadaye Yann E. Morin akaanzisha crosstool-NG. Kampuni ya CodeSourcery ilitoa kompaila zilizokuwa tayari. Nchini Kenya intaneti ilitegemea setilaiti hadi mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo CD za bure za Ubuntu, zilizotumwa kwa posta na mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, zilikuwa mojawapo ya njia za kuipata Linux bila kupakua. Msimbo wa kiini peke yake, hata ukiwa umebanwa, ulikuwa na makumi ya megabaiti, na kompaila mtambuka iliongeza mzigo huohuo tena.

ARM yafika mikononi mwa watu, 2011–2012

Mwanzoni mwa mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza nchini Kenya simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo iliyokuwa simu ya kwanza ya Android waliyoweza kuinunua. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya Qualcomm ya megahezi 528, ya kizazi cha ARMv6, na Android 2.2 iliyokaa juu ya kiini 2.6.32. Rika lake la kompaila lilikuwa GCC ya 4.4, ambayo Google iliisambaza pamoja na msimbo wa Android. Kwa njia hiyo kiini cha Linux cha ARM kilifika katika maduka ya simu ya Kitale na Bungoma kabla ya Raspberry Pi kuanza kuuzwa.

Mwezi Machi mwaka huohuo Torvalds alilalamika hadharani kwamba sehemu ya ARM imejaa msimbo unaorudiwarudiwa, kila kampuni ikileta wake. Lalamiko hilo lilizaa utaratibu mpya: maelezo ya vifaa vya bodi yakahamishiwa kwenye mafaili ya pembeni, na Arnd Bergmann na Olof Johansson wakaanza kukusanya michango ya ARM kwa pamoja. Kiini 3.7, kilichotoka Desemba 2012, kiliweza kujengwa mara moja na kuwaka kwenye bodi za makampuni tofauti. Lakini faida hiyo ilikuwa ya bodi zilizofuata. Zile zilizotoka na kiini cha mtengenezaji, cha 2.6 au 3.4, zilibaki nacho, maana msimbo wao haukuingizwa katika kiini kikuu.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, nayo ikaibua tatizo lake. Debian ilikuwa inaandaa mfumo wa armhf, unaotumia kikamilifu sehemu ya prosesa inayokokotoa desimali, lakini kwa prosesa za ARMv7. Raspberry Pi ilikuwa ya ARMv6. Mike Thompson na Peter Green walilazimika kuijenga upya Debian nzima, na kazi yao ikaitwa Raspbian. Tofauti hiyo iliwasumbua wanafunzi kwa miaka mingi: kompaila mtambuka ya Ubuntu iliweza kuijengea Raspberry Pi kiini, kwa kuwa kiini hujitajia aina ya prosesa, ila programu za kawaida zilizojengwa kwa kompaila hiyohiyo zilianguka zilipokutana na agizo ambalo prosesa hiyo hailifahamu.

Machi 2012 ikatoka GCC 4.7. Kwa prosesa za ARMv6 na kuendelea, ilianza kutoa maagizo yanayosoma namba ya baiti nne kutoka anwani isiyogawanyika kwa nne. Prosesa hizo zinaweza kufanya hivyo, mradi ziwe zimeruhusiwa. Viini vya zamani havikutoa ruhusa hiyo katika hatua ya kwanza ya kuwaka, wakati kiini kinapojifungua kutoka kwenye hali ya kubanwa. Bodi ilikwama kimya: hakuna kosa lililoonekana wakati wa kujenga, na hakuna neno lililotokea kwenye skrini. Dawa ilikuwa kuongeza chaguo la -mno-unaligned-access, au kutumia kiraka, yaani sahihisho la msimbo, kilichoingia kwenye kiini mwishoni mwa mwaka huo.

Kasoro iliyokula mafaili, 2013–2014

Katika historia yote hii hakuna kasoro iliyotisha kama ile iliyosajiliwa na mradi wa GCC kwa namba 58854. Iliyagusa matoleo 4.8.0, 4.8.1 na 4.8.2 yanapojenga kwa ajili ya ARM.

Kila fomula ya programu inapoanza hujitengea sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea thamani zake za muda, na inapomaliza huirudisha. Kompaila hizo, katika kutafuta mwendo kasi, wakati mwingine zilipanga sehemu hiyo irudishwe kwanza, kisha thamani ya mwisho isomwe kutoka humo. Kati ya maagizo hayo mawili kulikuwa na mwanya mdogo mno. Kama katika mwanya huo kifaa chochote kingeikatiza prosesa, kwa mfano saa au kadi ya mtandao, kazi iliyoingia ingeandika juu ya sehemu iliyokwisha kurudishwa. Fomula ikirejea ingesoma takataka.

Kwa kuwa ilihitaji sadfa ya wakati, bodi iliweza kufanya kazi kwa siku kadhaa kabla ya kuanguka. Ilipoanguka ndani ya msimbo wa mafaili, iliharibu yaliyomo kwenye diski au kadi ya SD. Mtu aliyekuwa na bodi hiyo alikuwa na kila sababu ya kuilaumu kadi, umeme au chaja. GCC 4.8.3, iliyotoka Mei 2014, iliondoa kasoro. Oktoba 2014 Russell King aliyaongeza matoleo hayo matatu katika orodha ya asm-offsets.c, akieleza kwamba husababisha uharibifu wa mafaili. Kiini 3.18 na vilivyofuata vikakataa kujengwa nayo. Viini vya kabla ya hapo ambavyo havikupata kiraka hicho hadi leo huyakubali.

Mlango wafungwa, 2015–2020

GCC 5 ilitoka Aprili 2015 na kuvunja viini vya zamani kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya faili lisilokuwepo. Kiini kilikuwa na faili moja la maelezo kwa kila kizazi cha kompaila: compiler-gcc3.h na compiler-gcc4.h. Kilipoiona GCC 5 kilitafuta compiler-gcc5.h, kikalikosa, kikasimama. Wengi walinakili faili la 4 na kulipa jina la 5, kisha wakagundua kwamba wamefungua mlango wa tatizo la pili.

Tatizo hilo lilihusu lugha yenyewe. Hadi GCC 4.9, kompaila isiyopewa maelekezo ilisoma C kwa kanuni za mwaka 1989. GCC 5 ilihamia kanuni za mwaka 2011, ambazo zinalipa neno inline maana tofauti linapotanguliwa na extern. Katika viini vya ARM fomula iitwayo return_address, iliyoandikwa katika faili la ftrace.h, ilianza kuzalishwa upya katika kila faili lililoitumia, na mwisho wa ujenzi kukawa na lalamiko la fomula moja kuwepo mara nyingi. Kiini 3.18 kilikuwa kimekwisha kujikinga kwa kutaja kanuni za 1989 waziwazi. Vya kabla yake, pamoja na 3.4 iliyoenea sana, havikuwa na kinga.

Hata programu za pembeni zilichangia. Viini vya kabla ya 3.9 hutumia hati ya Perl, kernel/timeconst.pl, kukokotoa vipimo vya wakati. Perl 5.22 ya mwaka 2015 iliufuta msemo wa defined(@val), na ujenzi ukawa unasimama kwenye mstari wa 373 wa hati hiyo. Tiba ni kuliondoa neno defined na kuacha !@val. Kisha Mei 2020 GCC 10 ikaacha kuvumilia jina moja la data kutangazwa katika mafaili mawili, na kujenga kukakwama kwenye yylloc ndani ya scripts/dtc. Kosa hili lina fundisho la pekee: msimbo huo hujengwa kwa kompaila ya kompyuta ya mezani, si kwa kompaila mtambuka. Kushusha toleo la kompaila ya ARM hakuliondoi.

Umuhimu wa kuvijenga upya viini hivyo ulionekana mwaka 2016. Mwezi Mei iligunduliwa kwamba kiini 3.4 cha kampuni ya Allwinner, kilichotumika kwenye bodi za bei nafuu zikiwemo baadhi za Orange Pi, kilikuwa na mlango ulioachwa wazi: kuandika neno rootmydevice katika faili moja la mfumo kulimpa mtu yeyote mamlaka kamili. Oktoba ikatangazwa kasoro ya usalama iliyoitwa Dirty COW, iliyokuwemo ndani ya Linux tangu 2.6.22 ya mwaka 2007. Mwezi huohuo mfululizo wa 3.4 ukapata toleo lake la mwisho, 3.4.113. Tangu hapo mwenye bodi ya rika hilo alilazimika kuweka viraka na kujenga mwenyewe, na kwa hiyo kukutana na kila kikwazo kilichotajwa hapo juu.

Kiwango chapanda, 2018–2025

Viini vipya navyo vilianza kuzikataa kompaila za zamani. Kiini 4.19 cha mwaka 2018 kiliikataa GCC ya chini ya 4.6. Kiini 5.8 cha mwaka 2020 kilidai 4.9, na 5.15 cha mwaka 2021 kikadai 5.1. Mwaka 2022 kiini 5.18 kiliziacha kanuni za C za mwaka 1989 na kuhamia za 2011, na mwaka 2025 kiini 6.16 kikataka GCC 8. Matokeo yake ni kwamba hakuna tena kompaila moja inayoweza kujenga kwa usalama kiini cha 2.6.32 na kiini cha leo. Fundi anayehudumia bodi za marika mawili anahitaji kompaila mbili.

Njia tatu zimethibitika. Ya kwanza ni kutafuta kompaila ya rika la kiini: Linaro, iliyoanzishwa mwaka 2010, ilitoa za mfululizo wa 4 hadi 7, na Bergmann huweka katika kernel.org kompaila za vizazi vingi. Mjenzi huitaja katika amri, mathalani make ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- zImage, baada ya kuhakikisha kwamba jina hilo linaelekea kwenye toleo alilolikusudia. Ya pili ni kuufunga mfumo mzima wa zamani, pamoja na Perl na kompaila ya mezani, ndani ya kontena au mashine pepe. Ya tatu ni kuhamia kiini kikuu pale ambapo bodi imekwisha kuingizwa humo. Kwa bodi zenye uhai mbele yake, hii ya tatu ndiyo bora. Kwa simu kama IDEOS haiwezekani.

Eneo la Kitale na Bungoma sasa lina vyuo vinavyoweza kuibeba kazi hii. Chuo Kikuu cha Kibabii kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kupata hati yake mwaka 2015. Kitale ina chuo chake cha taifa cha ufundi. KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, umeondoa sehemu kubwa ya gharama ya kupakua iliyowalemea watangulizi. Kilichobaki ni nidhamu ya kumbukumbu. Kila mradi wa bodi unaofanywa chuoni uhifadhiwe pamoja na toleo la kiini, faili la usanidi, viraka vilivyotumika na kompaila yenyewe, si jina lake tu. Msimbo uliohifadhiwa bila kompaila yake ni nusu ya mali, na nusu hiyo haiwashi bodi.